Maswali Yenu: Kusimama Peke Yako Katikati ya Watu

Katika toleo lililopita niliandika juu ya video ya kitendo, ile sanaa ambayo msanii hana wachezaji wala hadithi. Anafanya jambo moja kwa mwili wake mwenyewe, kamera inarikodi, na jambo hilo linamkabilisha na watu anaoishi nao. Barua zenu zimenifurahisha mno, hata zile kali. Kwa msionijua, mimi ni mpiga video wa harusi, mkaazi wa Ng'ambo, Unguja, na jioni nawafundisha vijana kushika kamera. Nimechagua kujibu barua zinazogusa mtu na jamii yake, kwa sababu hapo ndipo ninapoipendea sanaa hii.

Bi mkubwa, shikamoo. Nimeona kwenye simu Mzungu anasukuma bonge la barafu barabarani mpaka linayayuka lote. Mwenzangu akaniambia hiyo ndiyo sanaa unayoisifu. Mimi naona ni mtu asiye na kazi. Nieleweshe. (Kijana wa Chake Chake)

Marahaba mwanangu. Uliyemuona ni Francis Alÿs, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Mexico. Mwaka 1997 alilisukuma barafu lile katika mitaa ya katikati ya Mexico City kwa zaidi ya saa tisa. Video yenyewe ni ya dakika tano hivi. Mwanzo anainama na kulisukuma kwa nguvu zake zote. Baadaye limekuwa dogo, analipiga teke kwa mguu huku anatembea. Mwisho kuna maji kidogo juu ya lami, basi.

Hebu itazame tena, na safari hii macho yako yasimfuate yeye, yafuate mtaa. Mitaa ile ina watu wanaosukuma na kubeba kutwa nzima, na Alÿs aliwapiga picha kwa miaka kabla na baada ya video hii: mwenye mkokoteni, mwenye masanduku, mwenye maputo. Sasa nenda bandarini Mkoani meli inapofunga gati, umtazame hamali. Anasukuma tangu alfajiri, na alichokipata asubuhi jioni kimeshakuwa unga, mafuta na nauli ya mtoto wa skuli. Kesho anaanza upya mikono mitupu. Yeye hujamwita mtu asiye na kazi. Alÿs umemwita hivyo, na wote wawili wamesukuma mpaka jioni wakabaki bila ya kitu mkononi. Kaa na jambo hilo kidogo, wewe na mwenzako, mbishane. Alÿs aliisukuma barafu kwa ajili ya mabishano hayo.

Jambo jengine ambalo nataka ulishike: haya si maigizo. Katika mchezo wa kuigiza mtu anajifanya amechoka. Hapa barafu ni barafu, baridi yake ni baridi, na saa tisa ni saa tisa. Ndiyo maana wengi wa wasanii hawa huchagua kitendo chepesi kukieleza na kizito kukifanya.

Shikamoo bibi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Michenzani. Nataka kusimama kimya katikati ya Darajani, nisitikisike wala nisiseme na mtu, rafiki yangu anirikodi, kama yule mwanamke wa Korea uliyemtaja. Mama amekataa kabisa. Anasema watu watasema nimepandwa na shetani, na yeye ndiye atakayeulizwa. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Michenzani)

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya zote, kwa hivyo nivumilie nikijibu kwa urefu.

Yule mwanamke ni Kimsooja, wa Korea Kusini. Kati ya 1999 na 2001 alisimama hivyo katika miji minane: Tokyo, Shanghai, Delhi, New York, Mexico City, Cairo, Lagos na London. Ametupa mgongo kwenye kamera, nywele zimefungwa, nguo ya rangi ya kijivu, na umati unamjia mbele na kumpita pembeni. Yeye hafanyi chochote, na kwa kuwa hafanyi chochote kila mji unajionesha wenyewe. Kuna pahala watu wanampita bila ya kumtupia jicho, na kuna pahala wanageuka, wanasimama, wanamtazama yeye na kamera.

Lakini Kimsooja alikuwa mgeni Lagos, mgeni Delhi, mgeni Cairo. Alisimama, akamaliza, akaondoka, na hapakuwa na mtu sokoni anayemjua mama yake. Wewe ukisimama Darajani, kabla ya dakika kumi atatokea mtu: “Wewe si mtoto wa fulani, wa jumba namba nne?” Atakushika mkono. Mwengine atakuuliza unaumwa na nini. Mama muuza ndimu atakusogezea ndoo uketi na kukupa maji. Mwengine ataanza kukusomea aya. Vipande hivyo usije ukavikata katika kuhariri. Ukivikata utabakiwa na kazi ya Kimsooja iliyorudiwa Zanzibar, na hiyo haina haja, kwani Kimsooja ameshaifanya vizuri. Mji ambao mtu hawezi kusimama kimya kwa dakika kumi bila ya kuulizwa “una nini mwanangu?” unastahiki kuonekana, kwa uzuri wake na kwa uzito wake. Kuna mapenzi katika swali hilo, na kuna ulinzi pia, na wewe umeishi ndani ya yote mawili.

Sasa mama yako. Mama yako amesema kweli tupu. Ataulizwa yeye. Ataulizwa mlangoni, ataulizwa kwenye khitma, ataulizwa na wifi zake. Kwetu msichana akisimama sokoni anasimama na ukoo mzima nyuma yake. Kwa hivyo usimchukulie mama kama kizuizi cha kukizunguka. Kaa naye usiku mkiwa mmetulia, mwambie akueleze nani hasa atamuuliza, kwa maneno gani, na yeye atajibu nini. Ukiona anazungumza kwa raha, muombe ruhusa urikodi sauti yake tu, bila ya sura. Unaweza kuweka sauti ile juu ya picha yako ukiwa umesimama: mwanamke kimya katikati ya soko, na mama yake anahesabu maswali yatakayomfika. Mimi ningetoka nyumbani usiku kwenda kuitazama kazi hiyo.

Au fanya skrini mbili. Shirin Neshat, mzaliwa wa Iran anayeishi Marekani, alifanya hivyo mwaka 1998. Skrini moja ina mwanamme anayeimba mbele ya ukumbi uliojaa wanaume, wanampigia makofi. Skrini ya pili, inayoelekeana nayo, ina mwanamke aliyesubiri amalize, kisha anaimba kwa sauti isiyo na maneno mbele ya viti vitupu. Iran mwanamke haruhusiwi kuimba peke yake mbele ya wanaume. Mtazamaji anasimama katikati ya skrini hizo mbili na lazima ageuze shingo, achague wapi pa kutazama. Wewe unaweza kuwa Darajani kwenye skrini moja, na nyengine ikawa mikono ya mama jikoni saa hiyo hiyo, anachambua mchele, anasubiri urudi. Hata uso wake hauhitajiki.

Akikataa baada ya yote hayo, usifanye kwa siri. Darajani hakuna siri, na video haizeeki. Simama kwenye ngazi za jumba lenu Michenzani, pale majirani wanapopandisha ndoo na gesi. Hapo pia patakutosha.

Mama akiridhia, zingatia haya. Nenda kwanza kwa sheha na kwa wasimamizi wa soko, uwaeleze kwa lugha ya kawaida utafanya nini na kwa muda gani. Ulizia pia kibali katika baraza la sanaa na sensa ya filamu, maana kazi ikija kuoneshwa hadharani utaulizwa. Kwa saa, mimi ningechagua saa tatu asubuhi, wakati samaki wameshaingia, watu wengi, na jua halijawa kali la kuziunguza picha. Kamera iwe juu ya stendi, isiguswe, isifuate mtu. Rafiki yako anayerikodi asiwe peke yake. Pawepo na mtu mzima mmoja mnayemuamini, amekaa karibu kama mnunuzi, kazi yake ni kukutazama wewe tu. Na mkubaliane ishara ya kumaliza kabla hujachoka sana.

La mwisho ni sitara ya watu wengine, na hapa nasema kama mpiga video wa harusi. Kwenye shughuli ya wanawake, wamefungua nywele zao, wamejipamba, wako huru, ukianza tu kugeuza kamera utaona mkono unapanda. Ncha ya kanga inafika puani kabla mwenyewe hajakutazama. Mkono unajua kamera iko wapi kabla ya macho. Mimi nikiuona mkono ule nageuza kamera, sisubiri kuambiwa. Wewe umeridhia kuonekana, lakini bibi aliyekuja kununua papa mkavu hakuridhia. Mweke rafiki mwengine upande wa mbele, awaeleze wanaosimama. Atakayesema “mie msinitie”, kipande chake kifutwe mbele yake. Unaweza pia kuipandisha kamera ghorofani, watu waonekane kwa vichwa na vikapu, sura zisijulikane.

Bi, salaam. Mimi na wenzangu wa Jang'ombe tumepata wazo. Mmoja wetu akae Forodhani usiku na kanzu nyeupe, kalamu ziwe mbele yake, kila apitaye aandike juu ya kanzu atakalo kuhusu vijana wa leo. Tutarikodi yote. Kuna ubaya? (Vijana wa Jang'ombe)

Salaam wanangu. Wazo ni zuri sana na lina hatari ndani yake, na hatari hiyo wenzenu wameshaipitia.

Yoko Ono, Mjapani, mwaka 1964 alipiga magoti jukwaani Kyoto, ameweka mkasi mbele yake, akawaachia watazamaji waje mmoja mmoja kukata kipande cha nguo yake waende nacho. Mwaka uliofuata alirudia New York, na huko alirikodiwa kwa filamu. Tazameni filamu ile kwa makini. Mwanzo watu wanakata kwa haya: kipande kidogo cha mkono, pembe ya sketi. Kisha anakuja kijana mmoja, anakata kwa furaha, hataki kuondoka, mpaka anafika kwenye kamba za nguo ya ndani. Ono anabaki kimya, macho yanazunguka, kisha anaipandisha mikono kujiziba kifua. Kijana yule sidhani kama aliamka asubuhi akiwa na nia mbaya. Alipewa mkasi, akapewa ruhusa, na pakawa na watu wanaomtazama.

Marina Abramović, mwaka 1974 huko Naples, Italia, alikwenda mbali zaidi. Aliweka mezani vitu 72, akasimama kwa muda wa saa sita bila ya kujitetea, watu wamfanyie watakavyo. Palikuwa na waridi na asali, na palikuwa na visu, bastola na risasi. Walimchana ngozi, na mmoja akamwekea bastola kichwani. Mwenyewe amesimulia kwamba saa zilipotimia akaanza kutembea kuwaelekea, walikimbia. Kazi hiyo naiheshimu, lakini msiifuate.

Kwa hivyo kanzu, ndiyo. Kalamu, ndiyo, ziwe za wino unaotoka ukifuliwa, zisiwe na ncha kali. Lakini wekeni mpaka na mpaka huo uandikwe kwenye kibao kitakachoonekana katika video: mikono na mgongo tu, kifua na uso hapana, watoto wadogo wasishike kalamu bila ya mzazi. Atakayekaa awe yule kati yenu ambaye maneno makali hayatamfuata nyumbani. Maana yataandikwa. Mtaandikiwa dua, mtaandikiwa “acheni unga”, na atakuja mtu ambaye ana hasira na mtoto wake mwenyewe akaimwaga mgongoni mwa mwenzenu. Jiulizeni usiku huo kanzu mtaifanya nini: mtaifua, mtaivaa kwa ajili ya sala, au mtaitundika? Nami nashauri kamera iendelee kurikodi mpaka wakati wa kuivua. Wengi huzima mapema, na hapo ndipo uso wa mtu husema.

Wageni wa Forodhani watakuja pia, na watataka kuandika. Waacheni, lakini watangulizeni wenyeji. Swali lenu ni la wazee wenu kwanza.

Binti yangu, mimi ni mzee wa Makunduchi. Unatusomesha mambo ya Japani na Ubelgiji, wakati sisi tuna Mwaka Kogwa tangu mababu. Watu wanapigana kwa migomba, wanawake wanaimba, nyumba ya makuti inachomwa. Huko si kutenda kwa mwili mbele ya jamii? Kipi kipya hapo? (Mzee, Makunduchi)

Shikamoo mzee wangu. Umesema jambo kubwa, na sitalipinga.

Mwaka Kogwa unafanya kwa uwazi kabisa kile wanachokitafuta hawa: watu wenye ugomvi wanautoa kwa mwili mchana kweupe, kwa migomba, ili mwaka mpya usianze na kinyongo. Wanawake wanaimba maneno ambayo siku nyengine yangewaletea kesi. Yumo mtu ndani ya kibanda kinachochomwa, na anatoka mbio, na kila mtu anashukuru katoka. Hakuna anayeigiza.

Tofauti ninayoiona mimi ni moja. Kwenye Mwaka Kogwa jamii nzima inajua kitakachofanyika, na kila mtu ana nafasi yake aliyorithi. Mwanamke wa Michenzani akisimama kimya Darajani, hakuna aliyekubaliana naye. Yeye mmoja ameuliza, na jamii haikujiandaa kujibu. Zote mbili tunazihitaji. Moja inaponya ugomvi unaojulikana, nyengine inatafuta ule ambao haujatajwa.

Na nina ombi kwako, mzee wangu. Kila Julai nikija Makunduchi naona kamera za wageni zimewaingia mpaka machoni, zinatafuta moto na vumbi. Picha zao zinafanana mwaka hadi mwaka. Sijapata kuona video iliyorikodiwa na mpigaji mwenyewe, kijana wa kwenu, simu imefungwa kifuani, mkono mmoja una mgomba: pumzi zake, anayemkabili, na jinsi wanavyotazamana vita vinapokwisha. Wazee mkiridhia, mimi nitakuja kumfundisha kijana huyo bila ya malipo. Mkiona kuna mambo yasiyofaa kurikodiwa, mtamuonesha yeye mpaka uko wapi, naye ataufuata.

Bi, sina kamera. Nina simu ya kawaida na nipo nyumbani na watoto. Naweza? (Mama wa watoto watatu, Bububu)

Unaweza, tena leo. Sanaa hii ilianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1960, ilipotoka kamera ya video ya Sony ambayo mtu mmoja aliweza kuibeba begani. Picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe, na ubora wake hauifikii simu yako. Mwaka 1975 Martha Rosler, Mmarekani, alisimama jikoni mbele ya kamera isiyotikisika, akaonesha vyombo kimoja baada ya chengine kwa mpango wa alfabeti, na kila chombo alikishika kwa hasira zaidi kuliko kilichotangulia. Dakika sita tu, na mpaka leo inasomeshwa vyuoni.

Egemeza simu kwenye kopo la unga, safisha kioo cha kamera kwa ncha ya kanga, hakikisha memori ina nafasi. Kisha kaa kwenye mbuzi ukune nazi kama unavyokuna kila siku, mpaka kifuu kiwe kitupu, bila ya kuharakisha na bila ya kumficha mtoto anayekuja kukuita. Ukiitwa, itika. Usisimamishe kurikodi.

Mimi ni mwalimu wa skuli Wete. Wanafunzi wangu wametengeneza video tatu za aina hii. Tuzioneshe wapi? Ngome Kongwe ni mbali na sisi. (Mwalimu, Wete)

Mwalimu, Ngome Kongwe kuna tamasha la filamu la ZIFF tangu 1998, na ipo siku watafika. Lakini mngeanzia hapo hapo Wete. Video ya kitendo mara nyingi haitaki ukumbi wenye viti vilivyopangwa, inataka mtu aweze kuingia, kusimama, kutoka na kurudi. Tundikeni shuka jeupe kwenye ukuta wa skuli baada ya Isha, azimeni projekta, na ziacheni video zijirudie zenyewe bila ya kutangazwa. Spika iwekeni chini karibu na shuka, isiwe nyuma ya watu, ili sauti itoke pale picha ilipo.

Waalikeni kwanza wale walioonekana ndani ya video: muuza juisi, dereva wa gari ya abiria, bibi wa jirani. Wakae mbele. Wanafunzi wako wasieleze chochote mpaka wageni hao wamalize kusema, na mmoja wao awe na daftari la kuandika yatakayosemwa, kwa maneno yale yale ya msemaji. Yakiwa ni malalamiko, niandikie, tutayajibu hapa.